Likizo ya Miezi Mitano

Kwetu Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka. Mchungaji akishamaliza, watu wanatoka nje na kusimama kwenye nyasi, halafu mzee wa kanisa anaanza kunadi sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, siku nyingine chupa ya maziwa ambayo kila mtu anajua imetoka kwa ng'ombe wa nani.

Jumapili moja ya Julai nilikuwa nimesimama na mama pembeni, karibu na ukuta. Mkungu wa mshare ulipofika shilingi 8,000 watu wakanyamaza. Nikanyoosha mkono: 10,000. Mzee akachangamka.

"Elfu kumi kwa mgeni wetu kutoka Dar es Salaam! Karibu nyumbani, mama. Upo mpaka lini?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akanijibia.

"Yuko likizo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mkungu ukaletwa miguuni pangu, mnada ukahamia kwa jogoo.

Mimi nilirudi nyumbani Februari. Nilirudi na godoro.

## Desemba na jeneza

Mama yangu amewahi kuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Mtu kama yeye akisema uongo hatua ishirini kutoka madhabahuni, ujue kaupima kwanza. Ndiyo maana neno lile lilikataa kunitoka. Nimekata nalo majani, nimekamua nalo, nimelala nalo. Wiki saba sasa.

Mwanzoni niliona jibu ni jepesi: anaona aibu. Na aibu yenyewe naielewa. Utani wa Wachagga kurudi mlimani kila Desemba mnaujua, sina haja ya kuurudia. Ila wanaocheka foleni ya magari pale Himo siku tatu kabla ya Krismasi hawauoni upande wake wa pili, kwamba mlima umezoea kupokea watu wa aina mbili tu. Kuna anayepanda Desemba na gari, lake au la kuazima, akachinja mbuzi, akashuka wiki ya kwanza ya Januari. Na kuna anayeletwa ndani ya jeneza, mwezi wowote, azikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Wote wawili wana utaratibu wao. Watu wanajua wavae nini, waseme nini, nani achinje, nani apike mbege.

Anayepanda Februari, yu hai, hana mbuzi, ana godoro: huyo hana utaratibu.

Konda wa Noah pale Himo alilitazama godoro langu lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya manila, akalirusha juu ya keria, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Pole dada. Msiba uko wapi?"

"Hakuna msiba."

"Mgonjwa?"

Sikumjibu. Dereva akazima redio. Tukapanda mpaka Marangu Mtoni kimya kimya, kama kweli tumebeba maiti.

## Hadithi niliyokuwa nayo

Hadithi niliyowapa watu ni hii. Nilikuwa afisa mikopo Dar kwa miaka kumi na mmoja, kazi ya vikundi vya akina mama, Mbagala na Temeke. Novemba mama aliteleza kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya shamba, akiwa na mzigo wa majani, akaangukia mkono. Jirani akanipigia simu. Mama ana miaka 67, anaishi peke yake tangu baba afariki, ana ng'ombe wawili na kihamba cha robo tatu ya ekari. Tuko watatu. Wa katikati ameolewa Same, kitinda mimba yuko Mwanza na familia yake. Mimi ndiye wa kwanza, sina mume, sina mtoto. Nani mwingine angerudi?

Hadithi nzuri. Nilimsimulia meneja, nikamsimulia mwenye nyumba, nikawasimulia wenzangu wa kwaya. Kila niliyemsimulia alinishika bega. Mmoja alilia.

Wala haikuwa ya uongo. Mama aliteleza kweli.

Ila mkono haukuvunjika. Uliteguka kifundo. Zahanati waliufunga, na ilipofika Krismasi mama alikuwa anakamua mwenyewe, mikono yote miwili, anaimba. Nilimwona kwa macho yangu. Nikashuka Dar Januari pamoja na wengine wote, na Jumatatu iliyofuata nikapeleka barua ya kuacha kazi.

Notisi ilikuwa siku 28. Kwa kuwa niliacha mwenyewe, sikuachishwa, kiinua mgongo hakikuwepo, na lile fao la upotevu wa ajira halimhusu aliyeandika barua kwa mkono wake. Michango ya NSSF ibaki hukohuko, tutaonana uzeeni. Kabati, televisheni na kitanda nilimuuzia mpangaji aliyechukua chumba changu. Kitanda alikitaka, godoro hakulitaka. Hiyo ndiyo siri yote ya godoro.

Benki nilikuwa na milioni nne na laki tatu.

## Hesabu ya upande wa mama

Hesabu yangu niliipiga mara nyingi sana. Ya mama sikuipiga hata mara moja.

Kila tarehe 28 nilikuwa namtumia laki moja kwa simu. Kwa laki ile alinunua pumba na mashudu, alimlipa kijana wa kuleta majani kutoka tambarare wakati wa kiangazi, alitoa ahadi yake ya kanisa, na, hili nimelijua baadaye, aliweka hisa kwenye kikoba. Nilipokuja mimi, laki haikuja. Badala yake akapata mtu mzima wa kulisha, anayekamua polepole mpaka ng'ombe anapiga teke ndoo.

Kuna kingine alichopoteza, na hicho hakitumwi kwa simu. Nilianza kidato cha kwanza 2001, bei ya kahawa ikiwa imeanguka dunia nzima. Kahawa kwetu ni ya baba. Ndizi na maziwa ni vya mama. Mwaka ule kahawa ya baba haikutosha hata kununua dawa ya kupulizia chulebuni, ule ugonjwa wa buni. Ada yangu ikatoka kwenye ndizi. Mikungu ilikwenda sokoni Mtoni kichwani mwa mama, miaka minne mfululizo, na tangu hapo kila alipoulizwa mkubwa wako yuko wapi siku hizi, alikuwa na jibu: yuko Dar, ofisini.

Jibu lile alilinunua kwa shingo yake. Mimi nikaja nikamnyang'anya, tena nikamwambia nimekuja kumsaidia.

## Lima tu

Miezi ya kwanza nilifanya kazi kwa fujo. Hata kueleza naona haya. Nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta: maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, pumba kilo ngapi, majani mizigo mingapi. Mama alikuwa ananitajia lita kama mtu anayehojiwa kituoni. Baada ya wiki sita jedwali likaonyesha kwamba ng'ombe mkubwa anatia hasara. Nikamwonyesha. Alitazama kioo muda mrefu, akauliza:

"Samadi umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika. Na bila samadi hakuna mgomba, bila mgomba mbuni haupati kivuli, na huyohuyo ng'ombe hapati majani ya kutafuna. Kihamba kizima kinakula kutoka nyuma ya ng'ombe, mimi nimeweka safu ya maziwa tu. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nakagua biashara za watu kwa namna hiyo, nikiamua nani anakopesheka.

Kisha nikaingia kwenye kahawa. Mibuni yetu mingi aliipanda babu. Nilitaka sehemu tuikate visiki ichipue upya, sehemu tung'oe, tupande miche ya zile aina za kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kule mpakani, kwenye mstari wa masale, tupande parachichi kumi. Mama hakukataa. Alisema tu, "Mwulize mdogo wako."

Mdogo wangu hajawahi kupogoa mbuni hata mmoja. Lakini yeye ni kitinda mimba, ni mwanamume, na nyumba ya baba na kihamba chake huenda kwa kitinda mimba. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo mezani kwetu kwa sababu haikuhitajika. Sheria naijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Nimewafundisha akina mama wa Mbagala maneno hayo semina baada ya semina, kalamu ya ubao mkononi. Lakini sheria iko kitabuni, na shangazi yangu yuko ng'ambo ya mfongo, anaona kila ninachopanda.

Nikampigia mdogo wangu. Hakuwa mkali. Nadhani ningefurahi angekuwa mkali. Alisikiliza habari za miche, za parachichi, za bei. Mwisho akasema:

"Dada, wewe lima tu. Ila usijenge."

Akauliza kama dawa za presha za mama zinatosha, tukaagana vizuri.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, simu mkononi, mbele yangu kaburi la baba na vigae vyake vyeupe, na migomba inayomwinamia. Kujenga! Sikuwa nimewaza kujenga. Sikuwa nimewaza chochote kilichoko mbele ya msimu mmoja wa kahawa. Niliudhika siku nzima kabla ya kugundua kitu cha ajabu: kati ya watu wote, mdogo wangu peke yake ndiye aliyeamini kwamba nimerudi.

Tulikata visiki thelathini kabla ya masika kukolea. Kisiki cha mbuni kinachukua kama miaka miwili kukupa kahawa tena. Nilivikata kwa msumeno wa mkono, na kila kimoja nilikiona kama hati niliyotia saini.

Juni nikamwambia mama nashuka Moshi kutafuta mashudu. Niliporudi jioni nilikuta ameshakamua.

## Kufuli tatu

Agosti mama akaniambia katibu wa kikoba chao anahamia Rombo kwa mwanawe, na wanawake wameuliza kama yule binti aliye likizo anaweza kuwaandikia vitabu. Nilikataa, sikutoa sababu. Wiki iliyofuata nilipita kwenye mkutano wao kumpelekea mama miwani aliyoisahau, wakanisogezea kiti.

Wanakutana barazani kwa jirani. Kisanduku cha chuma kina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu, mmojawao ni mama. Wote watatu wakishafungua, pesa zinahesabiwa kwa sauti na hisa zinagongwa muhuri kitabuni. Utaratibu naujua kwa kichwa. Nikaweka mikono mapajani, nikatulia, kama mlevi aliyeacha pombe akaalikwa harusini.

Likasomwa jina la mwanamke ambaye hajarejesha kwa miezi mitatu. Alikopa laki mbili na nusu kumnunulia mwanawe vifaa vya bweni. Alikuwepo, mwisho wa benchi, anaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako hii. Kule Dar mnafanyaje?"

Ningeweza kusema: tunaandika barua, tunawaita wadhamini. Lingekuwa jibu la kweli. Sijui ni nini kilinituma niwasimulie habari ya friza.

Alikuwa mama mmoja wa Mbagala, anauza barafu za ukwaju na ubuyu. Aliugua, akakosa marejesho matano. Wadhamini wake ni wenzake wa kikundi, asipolipa wanalipa wao, kwa hiyo waliokwenda kumchukulia mali hawakuwa polisi, walikuwa majirani zake. Mimi nilikuwa na fomu. Tulifika saa moja asubuhi na kirikuu. Hakulia, hakugomba. Aliomba dakika tano. Akatoa vitu vyote ndani ya friza, akalipangusa kwa kitambaa chenye sabuni, nje na ndani, na kwenye ule mpira wa mlango akapitisha kidole ili uchafu utoke. Vijana walipolinyanyua, akaniambia:

"Dada, bawaba ya kushoto ni mbovu. Waambie wasilifungue kwa nguvu."

Nikaandika kwenye fomu: bawaba ya kushoto mbovu.

Baraza lilikuwa kimya. Bibi mmoja, mwenye ufunguo wa pili, akaniuliza, "Likauzwa shilingi ngapi?"

"Laki na themanini."

"Na deni?"

"Laki nne na ishirini."

"Iliyobaki?"

"Walilipa wenzake."

"Kumbe hata hela hamkupata," akasema, akarudi kuhesabu noti.

Sitaki kuipamba. Yule mama wa benchi hakusamehewa deni. Walibishana nusu saa nzima, na mmoja akasema wazi kwamba pesa zake si sadaka na mwisho wa mwaka anatoa hisa zake zote. Wakakubaliana faini ifutwe, yeye awe analeta mkungu mmoja kila wiki mpaka deni liishe. Wiki mbili za mwanzo alileta. Wiki iliyopita hakuleta.

## Mashudu

Jioni ile mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, mimi nachochea moto. Alizungumza Kichagga. Naandika kwa Kiswahili, na najua kuna kitu kinapungua.

"Kumbe ni friza."

Nikanyamaza.

"Miezi sita unawaambia watu ni mkono wangu."

Nikajitetea. Nikasema mkono ulikuwa kweli, upweke wake ulikuwa kweli, ng'ombe walikuwa kweli. Nikasema habari za friza zilikuwa za zamani, na neno hilo likanikaba hapohapo, maana zilikuwa za zamani kweli. Tangu asubuhi ile Mbagala nilifanya kazi miezi kumi na minne mingine. Kama ningeacha kazi kesho yake, leo ningekuwa na kisa kizuri cha kusimulia. Sikuacha. Mwezi ule wa friza nilipata bonasi, kwa sababu orodha yangu ya waliochelewa siku 30 ilikuwa fupi kuliko zote kwenye tawi.

Bati la jiko tulilokuwa tumekaa chini yake lilitoka kwenye bonasi ile. Hilo sikumwambia. Bado sijamwambia.

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka ambayo haitanitaja mimi. Mama alipoteleza, nikaipata. Mkono wake ulipona, nikaendelea kuutumia.

Nilipoona sina pa kutokea, nikamgeuzia swali. "Na wewe mama? Kwa nini unawaambia watu niko likizo?"

Hakuacha kumenya.

"Ukisema mtu yuko likizo, wanauliza anarudi lini. Ukisema amerudi, wanauliza amefanya nini. Nikawachagulia swali."

"Lakini mimi nimerudi, mama."

Kisu kikasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mwezi wa sita ulikwenda Moshi kununua mashudu."

"Ndiyo."

"Yako wapi?"

Sikununua mashudu. Nilikwenda kwenye duka la kuchapisha karibu na stendi, nikachapisha wasifu wangu nakala tano, nikatuma maombi mawili ya kazi, moja Arusha, moja Dar. Kazi zilezile, za mikopo. Arusha hawakujibu. Dar walipiga Julai, nikiwa bandani na ndoo mkononi. Wakaniita kwenye usaili. Nikaomba wanipe wiki moja nijipange. Wiki ikapita, sikuwapigia, na wao hawakupiga. Ilikuwa wiki ileile ya mkungu wa elfu kumi.

Chini ya kitanda kulikuwa na begi langu kubwa, nguo za ofisini ndani, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja Mbagala. Mama anafagia chumba kile kila asubuhi. Ufagio unagonga begi, anapita.

Wiki zote hizo nilidhani ananifichia aibu. Kumbe alikuwa anataja anachokiona. Mimi ndiye niliyeita kurudi, nikaita kujitoa, nikaita familia, majina mazuri mazuri. Yeye akaangalia begi, akaangalia mashudu yasiyokuwepo, akatumia neno sahihi.

"Sikufukuzi," akasema baadaye, mtori ukiwa umeshaiva. "Kaa. Ila usikae kwa ajili ya mkono."

## Septemba

Kahawa imeanza kuiva upande wa chini, ile mibuni ambayo hatukuikata. Tunachuma wawili, kidogo kidogo, zile nyekundu tu, na mama bado ananishinda kasi. Visiki vimetoa machipukizi mengi kupita kiasi. Inabidi kuchagua mawili matatu kwa kila kisiki na kuyaondoa mengine, na mimi nachelewa kwa sababu yote yanaonekana mazima.

Vitabu vya kikoba nimevichukua. Sikuvichukua kwa moyo mkunjufu. Usiku wa kabla ya mkutano silali vizuri, na jina la yule mama likija kwenye orodha kalamu yangu inakuwa nzito. Ila bibi wa ufunguo wa pili amesema kama naandika vizuri hivyo, hofu yangu niihifadhi nyumbani.

Gauni mbili nimezitoa kwenye begi, navaa kanisani. Zilizobaki zimo. Mdogo wangu anakuja Desemba na familia, na tutaongea habari ya kujenga, au hatutaongea, kama kawaida yetu. Milioni nne na laki tatu imebaki milioni moja na ushee. Wale wa Dar wakipiga tena, sijui nitasema nini. Nimejaribu kulijibu swali hilo nikikata majani, na kila asubuhi jibu linakuwa tofauti na la jana.

Jumapili iliyopita nilisimama tena na mama pale ukutani. Ulinadiwa mkungu mkubwa, mzuri, ukafika 9,000, na mzee akanitupia jicho la kunisubiri. Sikunyoosha mkono. Tuna mikungu mitatu imeiva nyumbani, nani anunue ndizi?

"Mgeni wetu bado yupo!" mzee akasema, watu wakaanza kucheka. "Mama, hii likizo ni ya ofisi gani?"

Mama hakunitazama. Alikuwa anafungua fundo la kitenge lenye pesa zake.

"Wamemwongezea," akasema, kisha akanyoosha mkono kwenye trei ya mayai. "Elfu saba."